Sheria Ambayo Mwalimu Alitaka Ivunjike

Juzi mteja aliniletea tochi ya zamani, ya bati, akitaka niibadilishe iwe ya kuchaji. Nilipofungua kifuniko cha nyuma nikakuta betri tatu zilizovujia humo ndani muda mrefu, zimeota unga mweupe na kutoa ile harufu ya chumvi, chuma na masizi. Nilibaki nimeishika bila kufanya kitu. Mteja akauliza, "Vipi dada, imekufa kabisa?" Nikamwambia aje kesho. Kazi yenyewe ni ya dakika kumi. Mimi ndiye niliyechoka ghafla, kama mtu aliyetoka Mwandiga hadi mjini kwa miguu.

Ninatengeneza vifaa vya sola. Hakuna chuo nilichosoma. Nilijifunza kwa kufungua vilivyokufa na kusoma vitabu vilivyokosa kurasa, ndiyo maana hata leo kila waya ninaukagua mara tatu na bado silali vizuri. Karibu kila mwezi mtu ananionyesha kwenye simu video ya mashine inayojizungusha yenyewe, jenereta lisilokunywa mafuta, feni inayojiwasha kwa upepo wake, halafu ananiuliza kama naweza kumtengenezea. Nawajibu kwamba haiwezekani. Nawajibu kwa adabu, na siwatazami usoni. Nataka kueleza kwa nini siwatazami, na nitajitahidi nisijipendelee, ingawa aya hii nimeshaifuta mara nne.

Nilikuwa na miaka tisa, labda kumi, nikiishi Katonga, kijiji cha kando ya ziwa, kwa bibi yangu mzaa mama. Bibi alikuwa akinunua dagaa wabichi asubuhi mwaloni, pale ufukweni boti zinapofikia, na kuwaanika kwenye mikeka mbele ya nyumba, na kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku. Pembeni mwa mkeka, kwenye kipande cha bati, Bibi alianika pia betri za redio zilizoishiwa moto. Jua likizichoma mchana kutwa, jioni redio ilisema tena, kwa sauti ya mtu mwenye mafua, nusu saa hivi. Kwangu hili halikuwa na ajabu yoyote. Jua lilitoa maji kwenye dagaa na kutia moto kwenye betri. Niliamini ni maji yale yale yaliyogeuka moto yakiwa njiani, na kwa hiyo siku ambayo dagaa walikuwa wachache nilikuwa na wasiwasi na redio.

Mwaka ule boti zilikuwa zikifika kutoka Burundi karibu kila asubuhi. Watu walishuka na magodoro, na sufuria, na watoto wamefungwa kwa kamba kiunoni wasipotee. Walilala kwenye madarasa ya shule na chini ya vibaraza, mpaka yalipokuja malori kuwapeleka kambini. Mwalimu Gaspari alishuka hana kitu mkononi. Bibi alimkuta amekaa karibu na mikeka yetu, amevaa shati lenye kola, anatazama ziwa. Bibi alimsalimu kwa Kiha, naye akaitikia kwa Kirundi, na kwa kuwa lugha hizo ni kama ndugu waliogombana kidogo, walielewana vizuri. Alikuwa mwalimu wa sayansi huko kwao, upande wa Rumonge. Mkewe alikuwa amekufa zamani. Binti yake, Odeta, mtoto wa rika langu, mkono wake ulichomoka kwenye mkono wa baba yake wakati watu wanagombania boti, na boti ikaondoka.

Bibi akampa chumba cha kuhifadhia magunia. Kila lori lilipokuja Mwalimu alikuwa na udhuru. Hakutaka kwenda kambini kwa sababu kambi ilikuwa mbali na ziwa, na Odeta, kama angekuja, angekuja kwa boti. Kila asubuhi alishuka mwaloni kupokea boti. Na kila siku alasiri, kwa Kirundi, redio ilisoma majina ya watu waliopotezana: fulani, mtoto wa fulani, wa mahali fulani, yuko mahali fulani, anatafuta ndugu zake. Mwalimu alikuwa na hakika kwamba siku moja jina la Odeta lingesomwa. Tatizo ni kwamba majina hayo yalisomwa mara moja tu, na wakati mwingine yaliingizwa kati ya habari na muziki bila kuaga. Nilikuwa na picha yangu kichwani: majina yamepanga foleni ndani ya redio, mmoja mmoja anaitwa, na Odeta anasogea mbele. Akifika zamu yake na redio yetu imezimwa, anatoka nje na kukuta hakuna mtu wa kumpokea.

Betri za Bibi hazikutosha kusubiri foleni hiyo. Madukani hazikupatikana, wakimbizi walizimaliza kwa tochi zao. Mwalimu akawa anakwenda dukani alasiri, kwenye redio kubwa ya muuza duka iliyounganishwa na betri ya gari, na kuomba ifunguliwe kwenye majina. Muuza duka alikubali, ila wateja walinung'unika, walitaka muziki.

Siku moja Mwalimu alinikuta nikigeuza betri juani, upande mmoja kisha upande wa pili, kama mahindi ya kuchoma.

"Unafanya nini, mwana wanje?" akauliza, yaani mwanangu.

"Nazitia moto."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia. "Oya, hapana. Jua halitii moto humo. Linaamsha uliobaki tu, ule uliolala. Siku ukiisha wote, hata ukianika mwaka mzima ni kama kuanika jiwe."

Ukweli huo uliniuma kama tusi. Naye nadhani ulimuuma, kwa sababu siku chache baadaye alikwenda kwa Fundi Kiza kuomba mota mbili za redio kaseti mbovu. Fundi Kiza alikuwa jirani yetu, mtengenezaji wa injini za boti. Aliitwa Kiza kwa kuwa alizaliwa baada ya mapacha, kama desturi yetu ilivyo, ila watu hawakuacha kumtania kwamba Kiza ndiye anayewasha taa za wenzake. Mwalimu alizikalisha mota zile mbili juu ya ubao, zikitazamana, na kuziunganisha katikati kwa kipande cha mpira. Kwenye mhimili akatia kifuniko cha kopo la rangi ili kizunguke na kushikilia mwendo. Ubao ukakaa juu ya sanduku la sabuni. Mota ya kwanza ingezungusha ya pili, ya pili ingezalisha umeme, umeme huo ungeirudia ya kwanza kuizungusha, na utakaobaki ungekwenda kwenye redio. Ilihitaji kuanzishwa tu, kwa kuvuta kamba, kama injini ya boti. Baada ya hapo ingejiendesha, na redio isingezimika tena.

Fundi Kiza alikuja kutazama, akachuchumaa. "Mwalimu, kila injini ninayoijua mimi inakula. Ya kwako inakula nini?"

"Inakula inachopika."

"Basi huyo ni mpishi wa kwanza kushiba kwa kunusa." Sisi sote tukacheka, hata Mwalimu. Kisha Kiza akasema, sasa bila mzaha, "Lakini mimi nimeishia darasa la saba tu, na hili nalikumbuka. Nishati haiumbwi. Ni sheria. Si nyinyi walimu mliotufundisha?"

Mwalimu alikuwa akifunga waya. Hakuinua kichwa. "Nimeifundisha sheria hiyo miaka kumi na moja," akasema. "Nilifundisha na nyingine. Usiue. Usiibe. Jirani asimguse mtoto wa jirani. Wiki moja, Kiza. Wiki moja nimeziona zote zikivunjwa, na waliozivunja wengine nimewafundisha mimi. Kwa nini hii moja tu ndiyo isimame?"

Kesho yake Fundi Kiza alileta grisi kwenye karatasi, akaiweka mlangoni, akaondoka bila kubisha hodi.

Mimi nilielewa maneno yale kwa namna yangu. Nilidhani sheria ya nishati ni kama ile iliyokataza kuogelea karibu na boti: ipo, ila akipita askari mpole unaoga. Bibi naye alipoulizwa na majirani mgeni wake anatengeneza nini, alijibu, "Umeme wa bure." Nilitembea Katonga nzima nikijigamba kwamba hata Bibi amekiri, tutapata umeme usiolipiwa. Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba Bibi alisema bure kwa maana ile nyingine.

Mwalimu alinipa daftari niwe mwandishi wa majaribio. Hapo ndipo ugonjwa wangu wa kutaka kila kitu kiwe safi ulipoanza, au ndipo ulipoonekana. Alivuta kamba, kifuniko kikazunguka kikilia kama nyuki, redio ikasema, nami nikahesabu kwa sauti mpaka iliponyamaza, kisha nikaandika. Siku ya kwanza arobaini. Baada ya grisi, tisini. Alipokata kifuniko kikae sawa, mia mbili na kumi. Nilichora mistari kwa rula, nilipokosea nilichana ukurasa na kuandika upya. Nilipenda namna tarakimu zilivyopanda. Halafu zikaanza kushuka. Mia mbili na tano. Mia na tisini. Mpira ulikuwa unalika, kamba inachoka, na Mwalimu mwenyewe alikuwa amekonda, anavuta kwa nguvu ndogo. Mia na sabini. Niliutazama ukurasa ule kama mtu anavyotazama doa kwenye nguo ya sikukuu.

Nimewahi kusimulia habari hii mara mbili, na mara zote nilisema nilimwonea huruma Mwalimu. Nilimwonea huruma kweli. Lakini kama nimekaa kuandika, basi niandike yote: nilitaka pia daftari langu lipendeze.

Mchana mmoja, Bibi na Mwalimu wakiwa bado mwaloni, nilichukua betri tatu za Bibi ambazo zilikuwa zimepata jua siku mbili mfululizo. Nilikuwa nimeshamtazama Mwalimu akifunga waya mara nyingi mno. Nilizipanga kichwa kwa mkia, nikazifunga kwa kitambaa, nikaziunga kwenye waya za mota ya kwanza kwa chini, ndani ya sanduku la sabuni, pasipoonekana. Kazi ilikuwa safi. Ncha moja niliiacha wazi, nikaichomeka tu wakati Mwalimu anaingia. Kifuniko kilikuwa kimeshaanza kujitikisa kama kinasita. Yeye hakukitazama, alikuwa akitafuta kamba.

Akavuta. Mia mbili ikapita. Mia tatu. Mia tano. Mwalimu akanionyesha kwa mkono ninyamaze. Alitoka nje akazunguka nyumba, akarudi, redio bado inasema. Akakaa sakafuni. "Ego," yaani ndiyo, akasema polepole, kama mtu anayemjibu mwingine aliyemuuliza kitu muda mrefu. "Ego." Kisha akamwita Fundi Kiza kwa sauti iliyofika mwaloni.

Kiza alikuja na mikono yenye mafuta. Aliinama, akatazama, akanusa, maana mafundi wa injini hunusa kwanza. Aligusa ubao kwa kidole. Angeweza kuuinua, ulikuwa mwepesi. "Sielewi," akasema. Sikuwahi kumsikia akisema neno hilo kabla. Alinitazama kidogo, akamtazama Mwalimu kwa muda mrefu zaidi, akaondoka akijifuta mikono kwenye suruali. Mpaka leo najiuliza kama alijua.

Alasiri ilipofika nilisubiri Mwalimu aende dukani kama kawaida. Hakwenda. Alivaa lile shati lenye kola, akaiweka redio juu ya kiti, akakaa mbele yake mikono magotini kama mtu aliyealikwa. "Leo tutasikiliza nyumbani," akasema. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya, na nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa na nafasi ndefu. Muziki ulipigwa, habari zikasomwa, na mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake nikijiambia kwamba betri zilipata jua siku mbili.

Mtangazaji akaanza majina. Watu wa mkoa mwingine kwanza. Halafu akataja kwao Mwalimu. Mwanaume mmoja, jina lake na la baba yake. Mwalimu akasogeza kichwa. Mwanamke na watoto wawili. Sauti ilikuwa imeanza kuwa nzito, kifuniko kinalia taratibu zaidi. "Umukobwa," akasema mtangazaji, yaani msichana, na neno lile likavutika, likazama, likaisha.

Mwalimu alivuta kamba. Redio ikatoa kipande cha neno. Akavuta tena. Kipande kingine, kitu kuhusu miaka. Alivuta mpaka mpira ukakatika, ndipo alipotoka mbio kwenda dukani bila viatu. Dukani kulikuwa na muziki wa kaseti. Mtu pekee aliyekuwa akiomba majina hakuonekana siku hiyo, kwa hiyo muuza duka aliwaridhisha wateja wake. Mpaka walipoitafuta stesheni, mtangazaji alikuwa amehamia kwenye mambo mengine. Mwalimu aliuliza mpaka mwaloni. Hakuna mtu Katonga aliyesikia.

Aliporudi alikuwa akitembea. Aliinua ubao kutafuta tatizo, kwa utaratibu, kama mwalimu. Akaziona.

"Umeziunga wewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Alipitisha kidole juu ya waya, kutoka betri hadi betri. "Chanya kwa hasi," akasema. "Chanya kwa hasi. Hapa umepindisha mara tatu ili isichomoke. Hukukosea mahali popote." Nilikuwa nangojea kofi. Bibi aliingia na kapu la dagaa, akatazama betri zake, akanitazama mimi, na yeye hakuhitaji kuelezwa. Akainua mkono.

"Mwache, mama," Mwalimu akasema. "Mtoto amefanya nilichokuwa nafanya mimi."

Bibi akashusha mkono. Mwalimu alikuwa akilia. Mtu mzima akilia mbele yako utotoni unajifunza kutazama pengine. Nilitazama kapu.

Lori lilikuja baada ya siku mbili na safari hii Mwalimu hakuwa na udhuru. Alisema kambini wanabandika orodha kwenye ubao, orodha zinakaa pale, mtu anaweza kurudi kuzisoma hata mara mia. Alipokuwa anapanda nilimwambia anisamehe. Akasema ameshanisamehe, upesi, kama mtu anayeitikia salamu, huku akitazama kama kuna nafasi ya kukaa. Simlaumu. Nilipewa nilichoomba.

Kuanzia siku ile nilikwenda dukani kila alasiri. Muuza duka alinizoea, akaacha kuniuliza. Niliandika kila jina la watu wa kwao Mwalimu, Kirundi nikikiandika kwa masikio ya Kiha, na nilipokosea herufi niliandika upya ukurasa mzima. Odeta sikumsikia. Huenda msichana aliyezama kwenye redio yetu alikuwa mwingine kabisa. Huenda alikuwa yeye, na akasubiri mahali fulani mtu aje. Nimeipiga hesabu hii kwa kila njia ninayoijua na haitoki. Baadaye wakaacha kusoma majina, Bibi akafariki, mimi nikakua na kujifunza kwa nini mota mbili haziwezi kulishana. Nilipoielewa vizuri ile sheria, kwa kalamu na karatasi, kwa jasho langu, sikufurahi. Nilijisikia kama mtu aliyefika kwenye msiba akiwa amechelewa.

Mwaka jana mama mmoja anayeleta sabuni kwa boti kutoka Rumonge aliniletea taa yake ya sola. Nilipokuwa nafungua skrubu nilimuuliza, kama ninavyowauliza wote wa upande ule, na kama kawaida sikutegemea kitu.

"Gaspari wa sayansi?" akasema. "Mrefu, kichwa cheupe chote? Tunaye! Anaongea Kiswahili kama nyinyi wa huku, anatuchekesha kweli."

Niliweka bisibisi chini. "Ana binti?"

"Binti?"

"Anaishi na binti? Mtu mzima sasa, kama mimi hivi. Anaitwa Odeta."

Alifikiri kwa bidii, nilimwona anavyotaka kunisaidia. "Sasa dada, hapo nikudanganye? Pale kwake wasichana wamejaa toka asubuhi, wakubwa kwa wadogo. Ni mwalimu yule. Wote wanamwita baba."